Chombo Kilifikaje Bunia? Juu ya Misemo Inayosemwa Kuwa ya Baharini

Mhadhara wa wazi uliotolewa katika mtaa wa Lumumba, Bunia, Ituri



Nimeombwa nizungumze juu ya misemo ya Kiswahili ambayo husemwa kuwa ilizaliwa baharini. Mtu ana haki ya kuuliza: Bunia na bahari, wapi na wapi? Kutoka hapa Lumumba hadi Mombasa, hata ukiruka moja kwa moja kama ndege, ni zaidi ya kilomita 1,000. Mji wetu uko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Wengi humu ndani hatujaonja maji ya chumvi. Hata hivyo, mkutano ukivurugika tunasema mambo yameenda mrama. Mashindano yakianza, mtangazaji anasema yameng'oa nanga. Mwanasiasa akihama chama, tunatikisa kichwa: bendera hufuata upepo. Na tukiulizwa misemo hiyo imetoka wapi, jibu liko tayari mdomoni: pwani, kwa mabaharia.

Ninalotaka kuwaambia leo ni neno moja. Asili ya msemo ni dai, na dai linataka shahidi. Msemo usihesabiwe kuwa wa baharini kwa sababu tu una maji ndani yake, wala usinyang'anywe bahari kwa sababu tu unasemwa na mtu wa bara. Tuuhoji kwanza. Tukishauhoji, tutaujua vizuri zaidi, na tutajua pia kipi ni chetu sisi watu wa ziwa na mito.

Mashua iliyobebwa msituni

Tuanze na historia, kwa sababu katika nchi hii chombo na Kiswahili viliwahi kufika pamoja, tena vichwani mwa watu.

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliandikisha Unguja watu zaidi ya 600, akawapakia melini pamoja na mfanyabiashara Tippu Tip, wakazunguka kusini mwa Afrika hadi kwenye mdomo wa mto Kongo. Walipanda mto mpaka Yambuya, kisha wakauingia msitu wa Ituri wakielekea Ziwa Albert kumtafuta Emin Pasha, aliyewekwa huko na serikali ya Misri. Kati ya mizigo yao ilikuwamo mashua ya chuma iliyoitwa Advance, iliyotengenezwa kwa vipande ili iweze kubebwa. Njaa ya msituni iliua wengi. Mashua ikaachwa kwa muda Ipoto, penye kambi ya Wamanyema walioongozwa na Kilonga-Longa. Baadaye ilifuatwa, ikabebwa tena kipande kwa kipande mpaka kwenye nyanda zetu za majani, ikateremshwa ule mteremko mkali hadi ukingoni mwa ziwa. Mwezi wa Aprili 1888 ikaungwa, ikaingizwa majini, na Jephson, mmoja wa wasaidizi wa Stanley, akasafiri nayo kumtafuta Emin. Tarehe 29 mwezi huohuo Emin akaja kwa meli yake, iliyoitwa Khedive.

Fikirini hali hiyo. Watu wa pwani, wenye Kiswahili chao, wanafunga vipande vya chombo kando ya Ziwa Albert. Mtu angeweza kusema: basi, hapo ndipo lugha ya mabaharia ilipoingia Ituri, kesi imekwisha. Haijakwisha. Wale wa Kilonga-Longa walikuwa wamekwisha kutangulia msituni na Kiswahili chao, na wengi wao walikuwa watu wa Manyema, wazaliwa wa bara. Kabla yao, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibebwa kwa sehemu kubwa na Wanyamwezi, nao pia ni watu wa bara. Msemo uliotoka Unguja ukafika Ituri ulikuwa umepita vinywa vya watu wengi ambao nanga kwao ilikuwa neno tu, hawajapata kuishika.

Wala tusipambe njia hiyo. Misafara ya pembe za ndovu ilikuja na bunduki na minyororo, na vijiji viliteketea. Lugha yetu hii tunayoipenda ilipita njia ya damu. Ndiyo sababu nyingine ya kutokubali hadithi tamu tamu juu ya kuja kwake.

Misemo yenye ushahidi

Shahidi wa kwanza ninayemtafuta ni kifaa. Je, msemo unataja kitu halisi cha chombo, kitu ambacho huwezi kukikuta shambani wala jikoni? Ukikitaja, na maana ya msemo ikategemea namna kitu hicho kinavyofanya kazi, basi nauamini.

Chukueni mrama. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu. Jahazi likirudi tupu, bila shehena, mabaharia hutia farumi tumboni mwake, yaani mchanga na mawe, ili liwe na uzito chini. Bila farumi, au shehena ikipangwa vibaya, wimbi dogo tu linatosha kulilaza huku na huku. Hapo ndipo wenyewe husema chombo kinakwenda mrama. Na waliposema nahodha wengi, chombo huenda mrama, walijua wanachosema: huyu anaamuru usukani ukazwe, yule anaamuru ulegezwe, na chombo hakishiki njia.

Ona sasa jinsi maana inavyonoga ukikijua kifaa. Sisi hutumia "kwenda mrama" kama kwamba ni kuharibika moja kwa moja. Lakini chombo kinachokwenda mrama hakijazama. Bado kinaelea, bado kina watu, na dawa yake inajulikana: panga shehena upya, tia uzito chini, msikilizeni nahodha mmoja. Anayesema kwamba mambo ya mji wetu yameenda mrama, kama anakijua chombo, anasema pia kwamba yanarekebishika.

Chukueni pia dau la mnyonge haliendi joshi. Kwenda joshi ni kukipeleka chombo kukaribia upande upepo unakotoka. Wenye vyombo vya pwani walipanga mwaka wao kwa pepo mbili: kaskazi iliyowaleta kutoka Uarabuni, na kusi iliyowarudisha. Kwenda na upepo ni kazi ya kila chombo. Kuukabili kunataka tanga zima lililoshonwa vizuri, kamba ngumu, na mikono mingi. Foromali, yule mti mrefu unaobeba tanga, ni mzito. Kulipindua tanga upande wa pili wa mlingoti kunataka wanaume wa kuvuta kwa pamoja. Mnyonge ana dau dogo, tanga la viraka, na mtoto wake mmoja wa kumsaidia. Halikosi kwenda joshi kwa uvivu wake. Linakosa watu na vifaa.

Mama anayepanda kutoka Kasenyi, ukingoni mwa Ziwa Albert, na beseni la samaki, akilipa kila kizuizi njiani, akafika soko la Bunia na kukuta bei imeanguka, huyo dau lake haliendi joshi. Msemo wa baharini unamfaa kabisa, kwa sababu unaeleza shida yake bila kumlaumu.

Wa tatu ni mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini tumboni ambako maji yanayovuja hujikusanya. Hakuna mkulima angeubuni msemo huu. Kwa kawaida tunaambiwa maana yake ni kwamba mtu huzunguka kote, mwisho hurudi kwao. Ni kweli, lakini tazameni "kwao" kwenyewe kukoje. Ngama ni mahali penye giza, maji machafu na harufu ya samaki. Na ndipo mahali pa kazi isiyokwisha, kwa maana maji yasipokumbwa chombo kinazama.

Asiyepata jahazi ashuke Kasenyi au Tchomia akatazame mtumbwi wa mbao unaorudi na samaki alfajiri. Katikati, kati ya wavuta makasia, utaona kijana amechuchumaa na kibido, yaani dumu dogo lililokatwa juu. Mbao zimezibwa kwa pamba na lami, lakini maji yanapita tu. Anachota, anamwaga nje, anachota, anamwaga. Wenzake wanaangalia mbele, yeye anaangalia maji yaliyo miguuni pake. Yeye ndiye aliye ngamani. Akilala, wale samaki wakubwa waitwao kapiteni waliolazwa ndani watarudi ziwani, na wavuvi pamoja nao. Basi msemo unatufundisha kwamba nyumbani ni pale ambapo mtu ana zamu yake ya kukumba maji.

Shahidi wa pili: maji yenyewe

Kuna msemo ambao watoto wetu huukariri shuleni: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wanaambiwa maana yake ni kwamba anayejishughulisha hakosi kitoweo. Mwalimu akiulizwa upwa ni nini, mara nyingi husema ni ufuko. Lakini upwa ni ule ufuko unaoachwa wazi maji yanapokupwa. Unguja, bamvua inapokuwa kubwa, bahari hupanda na kushuka kiasi cha mita nne kwa siku hiyohiyo. Maji yakiondoka, wanawake na watoto huingia kwenye matope na mawe, wakaokota chaza, pweza na kombe. Ndiko kugaagaa. Ndicho kitoweo cha kuulainisha wali.

Ziwa Albert halina kujaa na kupwa kwa namna hiyo. Linapanda mvua zikizidi, linashuka kiangazi kikirefuka, na mabadiliko hayo huenda kwa majira na miaka, si kwa saa. Kwa hiyo msemo huo haukuweza kuzaliwa Kasenyi wala Mahagi. Hapa shahidi ni mwezi wenyewe unaovuta bahari, na ushahidi wake haupingiki. Huu ni wa pwani, na tuwape watu wa pwani heshima yao.

Misemo iliyovishwa nguo za baharia

Sasa nije kwenye ile inayodaiwa bila ushahidi.

Usisafirie nyota ya mwenzio. Nimesikia ikielezwa kwamba mabaharia wa kale waliongozwa na nyota, na kila nahodha alikuwa na nyota yake, basi ukifuata ya mwingine unapotea. Maelezo ni mazuri, na hayasimami. Nyota ya kuongozea chombo ni ya wote. Nyota ya kaskazini haimwongozi nahodha mmoja ikamficha mwenzake. Ingekuwa msemo unazungumzia uongozaji wa vyombo, usingekuwa na maana. Nyota ya mwenzio ni ile ya utabiri: mnajimu humpigia mtu hesabu kwa jina lake na la mama yake, akamwambia siku ya heri ya kusafiri. Ndiyo maana tunasema fulani ana nyota ya jaha, au nyota yake imefifia. Msemo unaonya usiondoke kwa kutegemea bahati isiyo yako. Msafiri wake anaweza kuwa wa jahazi, wa punda au wa miguu.

Kwenda arijojo nako kumevishwa tanga. Tukisikia mtu amekwenda arijojo, tunawaza chombo kilichokatika nanga kikachukuliwa na mkondo. Kamusi zinaliweka neno hilo kwenye tiara, kile kidude cha karatasi ambacho watoto hukirusha kwa uzi. Uzi ukikatika, tiara huenda arijojo. Msemo ni wa watoto na upepo wao, na haupungukiwi na kitu kwa kutokuwa wa manahodha.

Bendera hufuata upepo unahitaji uangalifu zaidi. Neno bendera lilitoka kwa Wareno, waliokuja kwa meli. Hilo ni kweli. Lakini bendera haikubaki baharini. Misafara ya Unguja ilitembea bara ikitanguliwa na bendera nyekundu ya Sultani. Emin aliwekwa kando ya Nile na Ziwa Albert na serikali ya Misri, chini ya bendera ya Misri. Tippu Tip, aliyekuwa mtu wa Sultani, alikubali Februari 1887 kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold wa Ubelgiji, akaipandisha bendera ya buluu yenye nyota moja ya njano. Watu wa mashariki ya Kongo waliona bendera zikibadilika katika muda wa maisha ya mtu mmoja, nao hawakuhitaji mlingoti wa meli ili waelewe. Sisemi msemo ulizaliwa hapa. Ninasema mlingoti wa meli si shahidi, kwa kuwa kila boma lilikuwa na mlingoti wake.

Na neno matanga, tunalokaa nalo kila tunapofiwa, ambalo hata wenzetu wa Kilingala wanalo? Ni rahisi mtu kuliunganisha na tanga la jahazi, akatunga hadithi ya wafiwa waliolala chini ya matanga. Lakini Kiswahili kina pia kitenzi kutanga, yaani kuzurura bila makao, na mfiwa aliyeacha kitanda chake akalala nje anaweza kuitwa hivyo bila kuona bahari. Dai lenye mshindani kama huyo halistahili kufundishwa darasani kama ukweli.

Tabia hii si yetu peke yetu. Waingereza wana neno posh, yaani la kifahari, na hadithi maarufu kwamba ni herufi zilizopigwa kwenye tiketi za matajiri waliosafiri kwa meli kwenda India, ili wapewe vyumba vya upande wa kivuli, kwenda na kurudi. Tiketi yenye herufi hizo haijapata kuonekana hata moja. SOS nayo, ambayo tunaiona kwenye magari na mabango, huelezwa kuwa ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya kuomba roho ziokolewe. Mkutano wa Berlin wa mwaka 1906 uliichagua kuwa ishara ya hatari kwa sababu ya mlio wake wa Morse: mitatu mifupi, mitatu mirefu, mitatu mifupi. Maneno yalibandikwa baadaye. Bahari inapendwa na watunga hadithi kila mahali, kwa sababu ni mbali na ina ujasiri ndani yake.

Na ziwa letu je?

Hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Tukiipa bahari kila msemo wenye maji, tunawafuta watu wa maji yetu. Ziwa Albert lina urefu wa kilomita 160 hivi, na watu wamelivua na kulivuka kabla ya msafara wowote kufika. Kuanzia 1930 meli Robert Coryndon ilikuwa ikivuka kutoka Butiaba, upande wa Uganda, hadi bandari za upande wetu za Kasenyi na Mahagi, ikibeba wafanyabiashara, askari, wamisionari na maneno yao. Miaka ya mwanzo ya 1960 maji ya ziwa yalipanda, na meli hiyo ikaishia hapohapo ziwani. Wahema, Walendu, Waalur na wengine wamekutana ukingoni humo miaka yote, na Kiswahili kilipofika wakakizungumza wanapokutana.

Mfa maji haachi kutapatapa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Misemo hii haitaji kifaa cha baharini wala haihitaji kujaa na kupwa. Mto Ituri unaweza kuwa shahidi wake sawasawa na mlango wa Kilindini huko Mombasa. Kuwaambia watoto wa Ituri kwamba imetoka baharini, kwa hakika, ni kuwaambia kwamba wazee wao waliishi kando ya maji bila kufikiri.

Tena Wamombasa walipata waandikaji mapema. William Taylor, mmisionari aliyeishi Mombasa, alichapisha mkusanyo mkubwa wa methali za Kiswahili mwaka 1891, na aliweza kwa sababu alifundishwa na mwanachuoni mwenyeji, Mwalimu Sikujua wa Abdallah. Padri Charles Sacleux naye akaweka maneno ya pwani, pamoja na ya vyombo, kwenye kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa. Pwani inaonekana mama wa misemo yote kwa sehemu kwa sababu ya pwani iliandikwa. Kasenyi haikuandikwa.

Kwa nini jambo hili ni zito Ituri

Mtu atasema: mwalimu, ni misemo tu. Nami namjibu kwa heshima: katika mkoa huu tumelipia hadithi za asili kwa roho za watu. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha kitabu ambamo alidai kwamba wafugaji wa maziwa makuu walikuwa watu wa asili nyingine, waliotoka kaskazini, bora kuliko wakulima jirani zao. Hakuwa na ushahidi. Alikuwa na hadithi nzuri, nayo ikaingia kwenye vitabu, ikaingia kwenye utawala wa kikoloni, ikaingia kwenye vinywa vyetu wenyewe. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 vilikuwa na sababu nyingi: ardhi, dhahabu, silaha, majeshi ya nje. Lakini waliotaka kutuchochea walipotafuta maneno, waliyakuta tayari: huyu ni wa asili, yule ni mgeni. Maelfu kwa maelfu walikufa, na bado watu wanalala kambini.

Akili inayomeza hadithi ya nyota ya nahodha bila kuuliza ndiyo hiyohiyo inayomeza hadithi ya mgeni na mwenyeji bila kuuliza. Na akili iliyozoea kusema "shahidi yuko wapi?" juu ya jambo dogo italiuliza swali hilo jambo kubwa likija. Mazoezi ya kudai ushahidi yaanze kwenye misemo, mahali ambapo kukosea hakuui mtu.

Kazi ninayowaachia

Wanafunzi wa ISP, chuo chetu cha ualimu, na wa vyuo vyetu vingine, ziwa liko chini ya mteremko wa Bogoro. Shukeni, njia ikiwa salama. Msemo mtakaoupata uandikwe pamoja na mambo manne: nani aliusema, wapi, kwa lugha gani kwanza, na unataja kifaa gani. Mwombeni mvuvi awaonyeshe kifaa hicho kwa mkono wake na awaeleze kinafanya nini, ndipo mwandike maana. Akiusema kwa Kihema, Kilendu au Kialur kabla ya Kiswahili, andikeni hivyo, kwa maana huenda mna mkononi msemo ulioingia Kiswahili kutoka kwetu.

Walimu, msimpe mtoto asili ya msemo ambayo ninyi wenyewe hamwezi kuitetea. Mwambieni maana yake, mwonyesheni kifaa chake, na pale ushahidi unapokwisha, simameni.

Na sisi wazee tuseme tunayoyajua wakati bado tuna pumzi, majina na mahali vikiwemo, ili wajukuu wetu wasilazimike kutubunia.